Roboti za Mishipa ya Damu: Madai Saba Yanayozunguka Gisenyi, na Majibu Yake

Tangu Novemba 2025, habari za roboti ndogo zinazoingia ndani ya mshipa wa damu na kuuzibua zimeshika kasi hapa Gisenyi, Rwanda. Zinapita kwenye simu kwa video fupi, zinajadiliwa kwenye foleni ya kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kati ya wanaovuka kwenda Goma na wanaorudi, zinasikika sokoni na kwenye vijiwe vya pikipiki. Kila anayezisimulia anaongeza lake. Huyu anasema roboti zimeshaanza kutibu watu na wenye pesa wanapona. Yule anasema ni chuma chenye akili ambacho kikishaingia mwilini hakitoki. Mwingine anaona ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu.

Ningeyaacha maneno haya yapite kama jambo lenyewe lingekuwa jepesi. Katika mji huu ni vigumu kupata nyumba isiyomjua mtu aliyepigwa na AVC, kama wengi wetu huku mpakani tunavyokiita kiharusi: mama aliyelala mzima akaamka upande mmoja hauna nguvu, mzee aliyeanguka shambani akashindwa kutamka jina la mwanawe. Duniani watu wapatao milioni 12 hupatwa na kiharusi kila mwaka, na wengi wao mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu. Neno lolote linalosemwa mtaani kuhusu tiba ya ugonjwa huu huamua mgonjwa atakimbizwa wapi, na lini.

Basi nayajibu madai hayo moja baada ya jingine. Msimamo wangu nautoa mapema. Roboti hizi ni kazi ya kweli ya kisayansi na nina matumaini makubwa nazo. Lakini wanaozisifu kupita kiasi na wanaozibeza wote wanatazama mwisho wa safari ya mgonjwa na kusahau mwanzo wake. Mwanzo uko hapa wilayani Rubavu, katika saa chache za kwanza, na huo hauhitaji kusubiri roboti yoyote.

Dai la kwanza: "Zimeshaanza kutibu watu, mwenye pesa anapona leo."

Si kweli. Kazi iliyozusha habari hizi ilichapishwa katika jarida la Science tarehe 13 Novemba 2025 na watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich nchini Uswisi, kikundi cha Profesa Bradley Nelson, ambaye ametumia miaka mingi kutafiti roboti za sumaku. Waliijaribu roboti yao kwanza ndani ya mishipa ya silikoni iliyotengenezwa kwa kufuata umbo la mishipa ya wagonjwa halisi. Kisha wakaijaribu ndani ya nguruwe hai, na ndani ya kondoo kwenye majimaji yanayouzunguka ubongo. Katika zaidi ya 95% ya majaribio, dawa ilifika mahali ilipokusudiwa.

Hayo ni matokeo ya kutia moyo sana, lakini ni matokeo ya nguruwe, kondoo na silikoni. Kati ya hapo na kitanda cha mgonjwa kuna hatua zisizorukwa: kupata kibali, kujaribu kwa watu wachache ili kupima usalama, halafu kulinganisha na tiba zilizopo kwa wagonjwa wengi. Historia inaonyesha mwendo wake. Mwaka 1929 daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, aliingiza mpira mwembamba, yaani katheta, kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe na kuusukuma hadi moyoni, katika mji wa Eberswalde. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1956. Ilipofika Septemba 1977 ndipo Andreas Grüntzig, huko huko Zürich, alipopanua mshipa wa moyo wa mgonjwa kwa puto dogo lililopitishwa kwa katheta. Na mwaka 2015 ndipo tafiti kubwa, zikitanguliwa na ile ya Uholanzi iliyowahusisha wagonjwa 500, zilipothibitisha kwamba kulitoa bonge la damu kwenye ubongo kwa katheta kunawaokoa wengi na ulemavu.

Kwa hiyo tiba ya kuzibua mshipa bila kupasua kifua wala kichwa ipo, na ni ya katheta. Roboti inakuja kuongeza uwezo wake, hasa kwenye mishipa midogo na yenye kona ambako katheta haifiki. Mtu yeyote anayekuomba pesa leo ili akupeleke kwenye matibabu ya roboti za mishipa anakutapeli. Mkatalie, na umwonye jirani yako.

Dai la pili: "Ni kidudu cha chuma chenye akili, kikiingia kinajiendea kinakotaka."

Tuitazame kwa karibu hiyo roboti ya Zürich ilivyo. Ni kapsuli ya duara ya jeli, kipenyo chake hakifiki milimita 2. Haina betri, haina kompyuta, haina kamera, haina miguu. Ndani ya jeli kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni chembechembe ndogo mno za oksidi ya chuma, zinazoifanya ivutike na sumaku. Cha pili ni chembechembe za tantali, metali nzito inayoonekana vizuri kwenye eksirei ili daktari ajue kapsuli iko wapi kila wakati. Cha tatu ni dawa.

Kapsuli huingizwa kwa katheta, sawa na zinazotumika hospitalini leo, na kwenye ncha yake kuna kishikio laini kinachofunguka na kuiachia. Hapo ndipo sumaku za umeme zilizopangwa kumzunguka mgonjwa zinapoanza kazi. Daktari ana njia tatu za kuiendesha. Anaweza kuzungusha nguvu ya sumaku ili kapsuli ibingirike ukutani mwa mshipa, kwa mwendo wa milimita 4 hivi kwa sekunde. Anaweza kuongeza nguvu upande mmoja ili ivutwe upande huo, hata dhidi ya damu inayokimbia zaidi ya sentimita 20 kwa sekunde. Au anaiacha ichukuliwe na mkondo wa damu, akiielekeza tu kwenye njia panda ya mishipa ili ichepuke upande anaoutaka. Ikifika kwenye bonge, sumaku hubadilishwa mwendo kwa kasi kubwa, chembechembe za chuma zinapata joto, jeli inayeyuka na dawa inamwagika pale pale.

Hakuna hatua hata moja ambayo kapsuli imejiamulia. Akili yote iko nje ya mwili, kwa daktari na kwa mashine anayoiongoza. Sumaku zikizimwa, kilichobaki ni tone la jeli. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu tumeshaona uvumi wa vidude vya kufuatilia watu ulivyowafanya baadhi yetu waziogope chanjo. Kapsuli hii haitumi taarifa kwa mtu yeyote, wala haina kitu cha kutumia kuzituma.

Dai la tatu: "Zinabadilisha umbo, maana yake zinaweza kuvimba na kukwama humo ndani."

Aliyeuliza hili ameuliza jambo la maana, na anastahili jibu kamili.

Ni kweli zipo roboti zinazobadilisha umbo, na sababu yake iko kwenye mishipa yenyewe. Mshipa haulingani upana mwanzo hadi mwisho. Unaanza mpana, unagawanyika, unakuwa mwembamba, unapinda, na damu ndani yake inapigwa na moyo kwa vishindo. Kitu kigumu chenye umbo moja kitapita sehemu moja na kushindwa nyingine. Januari 2019, Selman Sakar wa chuo cha EPFL mjini Lausanne na Bradley Nelson wa ETH walionyesha katika jarida la Science Advances roboti laini za jeli zilizokunjwa kwa ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi. Zikikutana na kimiminika kizito zaidi, zilijikunja zenyewe kwa namna iliyozisaidia kuendelea bila kupoteza kasi. Wazo walilitoa kwa bakteria, ambao hubadili maumbo yao kulingana na mahali walipo. Mwaka 2022, Tianlu Wang, Metin Sitti na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Stuttgart, Ujerumani, walitengeneza roboti yenye umbo la stenti, yaani kile kibomba cha wavu ambacho madaktari hukiacha kwenye mshipa wa moyo. Yao ilibanuka na kubanwa kufuatana na upana wa njia, ikashikilia ukuta ili isichukuliwe na mkondo, na iliweza kurudishwa ilikotoka.

Kubadili umbo, basi, ni njia ya kuzuia kukwama. Lakini hatari zipo, na watafiti wenyewe ndizo wanazozifanyia kazi. Kitu kinachoingia kwenye mshipa mwembamba kinaweza chenyewe kuuziba kisipoyeyuka kwa wakati. Bonge linapovunjika, kipande chake kinaweza kusukumwa mbele na kuziba tawi jingine. Mgonjwa mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo hawezi kulazwa tu katikati ya sumaku kali. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kusababisha kuvuja damu kwingine mwilini. Hiyo ya mwisho ndiyo hoja kubwa inayoitetea roboti: dawa hiyo ikipigwa sindano kwenye mkono huzunguka mwili mzima kabla ya kidogo chake kufika ubongoni, na kwa hiyo dozi inakuwa kubwa. Ikipelekwa hadi kwenye bonge lenyewe, dozi ndogo inaweza kutosha.

Njia nyingine inayotafitiwa haitumii dawa kabisa. Mwezi Juni 2025, kikundi cha Renee Zhao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilieleza katika jarida la Nature kifaa chao cha kuzunguka kwa kasi kwenye ncha ya katheta. Kinalibana na kulisugua bonge hadi nyuzi zake zinajifunga pamoja na chembe nyekundu za damu zinaachiwa huru. Bonge linaweza kusinyaa hadi kubaki 5% tu ya ukubwa wake wa awali, kisha linafyonzwa. Nacho kimejaribiwa kwa nguruwe. Wanaokuambia kuna njia moja tu inayokuja hawajafuatilia. Zipo kadhaa, na huenda itakayoshinda bado haijatengenezwa.

Dai la nne: "Zitasafisha mafuta yote kwenye mishipa, kwa hiyo dawa za presha si lazima tena."

Katika madai yote saba, hili ndilo linaloweza kuua watu wengi zaidi, na wengine wanaolisema wanauza vitu vya "kusafisha mishipa" kwenye chupa.

Watu wengi huuwaza mshipa uliochakaa kama bomba la maji lenye kutu ndani, ambalo ukilisugua linang'aa. Mshipa hauko hivyo. Mafuta yanayotajwa hujijenga ndani ya ukuta wenyewe, chini ya ngozi laini ya ndani, kwa miaka mingi, yakichanganyika na chembe za mwili na chokaa. Kuyakwangua ni kuupasua ukuta. Ukuta huo ukipasuka, damu huganda juu ya jeraha, na hapo ndipo bonge linapozaliwa. Roboti tunazozizungumzia zinalifuata bonge, tena hasa lile jipya. Hazitibu ukuta wala hazigusi sababu iliyouharibu.

Na kwa sehemu kubwa sababu hiyo ni presha, ikifuatiwa na kisukari, sigara, mafuta mabaya kwenye damu na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi na kubaki hapo, inahesabiwa kuwa juu. Haiumi. Ndiyo maana mtu hunywa dawa mwezi mmoja, anajisikia vizuri, anaacha. Kujisikia vizuri hakuonyeshi kwamba presha imepona; dawa ndiyo inayoizuia isipande tena. Vidonge vya presha vinavyotumika zaidi ni vya zamani, ni vya bei nafuu, na vinatolewa kwenye vituo vya afya. Pamoja navyo kuna chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu ulichokula, pamoja na ile iliyojificha kwenye samaki wadogo wakavu wa sambaza na kwenye vidonge vya kuungia mchuzi.

Hata siku roboti itakapofika Rwanda, mgonjwa aliyezibuliwa nayo ataondoka hospitalini na karatasi ya dawa za presha. Anayemwambia mzazi wako aziache akisubiri roboti anamsogeza kwenye kiharusi chenyewe.

Dai la tano: "AVC yote ni damu iliyoganda, cha kufanya ni kuiyeyusha haraka."

Viharusi ni vya aina mbili kubwa. Kuna cha mshipa kuziba, na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavujia ndani ya ubongo. Barani Afrika sehemu ya viharusi vya kuvuja ni kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ni sababu kuu ya hilo. Kwa nje aina hizi mbili zinafanana: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Hata daktari bingwa hawezi kuzitofautisha kwa uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Kinachozitofautisha ni picha ya ubongo, na ya kawaida ni CT scan.

Matokeo ya kukosea ni makubwa. Dawa ya kuyeyusha bonge ikipewa mgonjwa ambaye ubongo wake unavuja damu, inaongeza kuvuja. Ndiyo sababu kumpa mtu aspirini nyumbani mara tu mdomo unapopinda, kama wengi wanavyoshauriana kwenye simu, ni hatari: hujui bado ni kiharusi cha aina gani. Usimpe kidonge, na usimpe chakula wala maji, kwa kuwa koo lake huenda limelegea na anaweza kupaliwa. Mlaze kwa upande, legeza nguo za shingoni, ita msaada.

Kwa roboti sharti ni lile lile. Hakuna daktari atakayeingiza kapsuli ya dawa ya kuyeyusha damu kabla ya kuona picha. Hivyo hospitali itakayotaka roboti kesho lazima kwanza iwe na CT scan inayofanya kazi usiku na mchana, na mtu wa kuisoma. Hilo tunaweza kulidai leo.

Dai la sita: "Ni kurogwa au upepo mbaya, hospitali ni ya baadaye."

Sitamkejeli anayeamini hivi. Ugonjwa unaomwangusha mtu mzima kwa dakika moja unatisha, na kila familia inatafuta maelezo. Ninachomwomba ni kimoja: sala na mashauriano ya ukoo viendelee mgonjwa akiwa tayari njiani kwenda hospitali.

Tuhesabu pamoja. Mama mfanyabiashara yuko kwenye foleni ya mpakani, saa 2:00 asubuhi mkono wake wa kulia unalegea na maneno yanamtoka ovyo. Dawa kuu ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mlango wa dawa hiyo utafungwa saa 6:30 mchana. Wenzake wanadhani ni njaa na jua, wanamkalisha kivulini hadi saa 3:00. Nyumbani wanamwita mzee wa kumwombea, inafika saa 5:00. Kituo cha afya saa 5:30, hospitali ya wilaya saa 6:00, na ikiwa anahitaji rufaa ya Kigali, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 150 za milima kupitia Musanze, karibu saa tatu za barabara. Anafika baada ya saa 9:00 alasiri. Mlango umefungwa muda mrefu.

Sasa mtoe kwenye foleni saa 2:10, mwitie gari la wagonjwa kwa namba 912, afike hospitali ya wilaya saa 2:40, daktari apige simu Kigali wakati anamchunguza, gari liondoke saa 3:00. Anaweza kuwa mbele ya mashine ya picha saa 6:00. Mama ni yule yule, barabara ni ile ile, dawa ni ile ile, na sasa bado ana nusu saa mkononi.

Daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, chembe za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Kwa baadhi ya wagonjwa, bonge linaweza kutolewa kwa katheta hata kufikia saa 24, ikiwa picha inaonyesha sehemu ya ubongo bado inaokoleka. Hata hivyo kila dakika iliyopotea inapunguza kitakachookolewa. Roboti nayo haitafufua chembe zilizokwisha kufa.

Dalili ni nne na mtoto wa shule anaweza kuzikumbuka. Mwambie acheke: je, mdomo umepinda? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme jina lake na la mji: je, anaeleweka? Je, imeanza ghafla? Ikiwa jibu la mojawapo ya zile tatu za kwanza limekutia shaka na imeanza ghafla, tazama saa, ukariri muda, mpeleke. Muda huo utakuwa swali la kwanza la daktari.

Dai la saba: "Hayo ni ya nchi tajiri, Rwanda haiwezi."

Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani za Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, wakati nchi nyingi tajiri zilikuwa bado zinajadili kama jambo hilo linawezekana. Utafiti uliochapishwa katika The Lancet Global Health mwaka 2022 ulionyesha kwamba ndege hizo zilifikisha damu kwa muda mfupi kwa 61% kuliko barabara, na damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa 67%. Oktoba 2023 kituo cha IRCAD Africa kilifunguliwa Masaka, Kigali, kuwafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo. Mwanzilishi wa IRCAD, Jacques Marescaux, ndiye aliyekaa New York mwezi Septemba 2001 akamtoa kibofu cha nyongo mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa kuongoza roboti kupitia nyaya za mawasiliano. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, inazibua mishipa ya moyo kwa katheta.

Na wanaodai kwamba tiba za namna hii hazifanyi kazi kwenye hospitali za umma wajibiwe na Brazil. Katika hospitali 12 za umma nchini humo, wagonjwa 221 wa kiharusi waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Miongoni mwa waliotolewa bonge kwa katheta, 35% waliweza kujitegemea baada ya siku 90. Kwa wale wasiotolewa, ni 20%. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa wazi. Hizo zilikuwa hospitali za foleni ndefu na bajeti finyu.

Kuna jambo jingine linalonipa matumaini kwa mji kama wetu. Kikundi hicho hicho cha ETH, pamoja na Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, kilionyesha mwaka 2024 kwamba mtaalamu aliye Zürich anaweza kuongoza kwa sumaku kifaa cha kuchungulia tumboni mwa nguruwe aliye Hong Kong, umbali wa zaidi ya kilomita 9,300. Kifaa kinachoendeshwa kwa sumaku kutoka nje ya mwili kinaweza kuendeshwa na mtaalamu asiye chumbani. Bingwa mmoja wa Kigali angeweza siku moja kumhudumia mgonjwa aliyelala Rubavu, bila mgonjwa kupanda gari kwa saa tatu. Bado ni matarajio, lakini ni matarajio yanayoufaa mkoa wa milima kuliko yanavyoufaa mji mkuu wenye hospitali nyingi.

Uwezo tunao. Ila teknolojia hii itatua pale tu patakapokuwa na umeme usiokatika, picha ya haraka, wauguzi waliofundishwa, na bima inayolipia. Kwa Rwanda bima hiyo ni mutuelle, kwa kuwa ndiyo inayomfikia muuza ndizi na mvuvi.

Tudai nini, basi?

Familia: kila mtu mzima apimwe presha kwenye kituo cha afya, na aliyeandikiwa dawa asiache bila daktari kumwambia. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, madereva wa pikipiki, makanisa na misikiti: wote wafundishe zile dalili na namba 912, kwa maana wagonjwa wengi huwaangukia mikononi mwao kabla hawajafika kwa daktari.

Na kwa viongozi wa afya wa wilaya na wa taifa nina ombi moja mahususi. Kwa kila mgonjwa wa kiharusi anayeanzia Rubavu, zihesabiwe dakika kutoka dalili ya kwanza hadi picha ya ubongo, na wastani wake utangazwe kwa wananchi kila mwaka, kama zinavyotangazwa hesabu za mahudhurio ya wajawazito kliniki. Tukiijua namba hiyo tutajua mahali pa kuweka gari la wagonjwa, mahali pa kuweka mashine, na wapi saa zinapopotelea. Siku watafiti watakapotafuta hospitali za Afrika za kujaribu roboti zao kwa watu, hilo litakuwa jambo la kwanza watakalotuuliza. Wilaya inayozijua dakika zake itakuwa na jibu, na wagonjwa wake watakuwa wameshaanza kupona kwa dawa na katheta zilizopo sasa.